Wanga Kwenye Maziwa

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu alinipa daftari hili siku nilipofunga mizigo. "Mama, andika humo," akasema, "usije ukaanza kuongea na sufuria." Alichelewa. Naongea na sufuria tangu baba yake afariki, mwaka juzi, na sufuria ni sikivu kuliko mkuu wa shule hii mpya. Leo nimemweleza mara mbili kwamba mabomba ya gesi ya maabara hayatoi gesi, na mara zote mbili amenijibu karibu sana mwalimu, tumefurahi kukupata.

Basi niandike. Mimi ni mwalimu wa sayansi, nimebakiza miaka miwili kustaafu, na wamenihamishia mahali ambapo simjui hata paka. Nyumba niliyopewa ina vyumba viwili na iko mwisho wa uwanja wa mpira. Walimu wenzangu wote wanaishi mjini. Kengele ya mwisho ikilia, ukipepesa macho huwaoni tena. Bati linavuja juu ya kitanda, kwa hiyo nimekisogeza kitanda mpaka katikati ya chumba na sasa nalala kama mgonjwa anayesubiri wageni.

Mvua imeanza leo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimehamisha kitanda tena.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi mapema nimesikia hodi. Nikafungua nikiwa na mswaki mdomoni, maana nilidhani ni fundi wa bati. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mwembamba, kajifunika mfuko wa plastiki kichwani, na mkononi kashika kopo la bati lenye mfuniko.

"Wewe ndiye mwalimu mpya. Huna mtu wa kukuletea maziwa."

"Nani kakwambia?"

"Sijaambiwa na mtu. Nimeuona mlango wako. Mlango wa mtu mwenye watu haufungwi mchana kutwa."

Sikupenda maneno hayo, lakini nilipenda harufu ya kopo. Nikaleta chombo. Alipokuwa ananimiminia akauliza, "Mko wangapi humu ndani?"

"Mmoja."

"Mmoja na wewe?"

"Huyo mmoja ndiye mimi."

Akacheka mpaka maziwa yakamwagika kidogo kwenye kizingiti. Kisha akakaa hapo hapo kizingitini kupumzisha miguu, mimi nikasimama mlangoni na mswaki wangu. Anaitwa Mama Maziwa na mji mzima. Ng'ombe wake ni mmoja tu, anaitwa Bibi Harusi, kwa sababu hutembea polepole na hupenda kutazamwa. Nimemwambia awe ananiletea nusu lita kila siku.

Jumatatu, 11 Machi

Kidato cha tatu wameanza kupima vyakula: kipi kina wanga, kipi kina sukari, kipi protini, kipi mafuta. Ndiyo kazi ya muhula mzima, na mtihani wa vitendo utatoka humo. Leo tumeanza na wanga, ambao ni rahisi kuliko vyote. Unadondosha iodini, ambayo rangi yake ni ya chai kavu. Chakula kikiwa na wanga, inageuka nyeusi ya bluu. Kikiwa hakina, inabaki chai.

Shule haina fungu la kununua vyakula vya kupima, hivyo nimepeleka vya kwangu. Vipo tele. Mkono wangu umezoea kupikia watu wanne na haujapata habari kwamba watu wamepungua. Wali wa jana, kiazi cha juzi, kipande cha mkate. Watoto wamezunguka sahani yangu, wamedondoshea, wamechungulia, wameandika. Nimewaza kwamba chakula changu sasa kinaangaliwa na darasa zima na hakuna hata mmoja wa kukila pamoja nami.

Yupo msichana mmoja anakaa meza ya mbele, wenzake wanamwita Profesa, na hawamsifu. Anauliza kila kitu. Leo ameuliza kama iodini yenyewe inaweza kukosea. Nimemwambia iodini haina muda wa kukosea.

Alhamisi, 14 Machi

Mama Maziwa anasema Bibi Harusi amemkanyaga mguu makusudi kwa sababu alichelewa kumpa majani. "Hataki kuomba radhi," anasema. "Nami sisemi naye." Nimecheka peke yangu nikiwa njiani kwenda darasani, mkuu akaniona. Akasema anafurahi kuona nimezoea.

Jumatano, 20 Machi

Sukari. Ndizi mbivu na ndizi mbichi. Taa za spiriti zinatosha meza tatu tu, kwa hiyo meza nyingine tatu zimefanya fujo.

Bibi Harusi anakohoa. Mama Maziwa hakukaa leo, alikuwa na haraka ya kurudi.

Jumatatu, 25 Machi

Mama Maziwa hakuja.

Jumanne, 26 Machi

Hakuja. Nimekunywa chai kavu. Kitu cha ajabu ni kwamba sikuona upungufu kwenye chai, niliuona mlangoni. Nilikaa nimeukodolea mlango macho mpaka nikachelewa kipindi cha kwanza. Nimekuwa mwalimu karibu maisha yangu yote na sijawahi kuchelewa kipindi cha kwanza.

Jumatano, 27 Machi

Amekuja. Macho mekundu, anasema ni moshi wa kuni mbichi.

"Bibi Harusi vipi?"

"Amepona."

"Nilidhani umenihama."

"Nikuhame niende wapi, na mvua hii."

Amekaa kizingitini muda mrefu kuliko kawaida. Hakuwa na hadithi. Nimemuuliza kama ana njaa, akasema hapana. Maziwa ya leo ni mazito. Labda ni majani mapya.

Jumatatu, 1 Aprili

Protini. Yai linageuka zambarau, na Profesa amesema zambarau ya yai la kuchemsha imezidi ya yai bichi, nami nikamwambia aache kubuni. Nilipoangalia vizuri niliona kweli zilitofautiana kidogo. Sikumwambia.

Mama Maziwa amerudisha hadithi zake. Bibi Harusi eti anaogopa radi, anataka kulala jikoni.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo nina mengi.

Ilikuwa zamu ya maziwa. Nilipeleka jagi la maziwa ya asubuhi, kila meza ikapata kikombe. Maziwa ni mazuri kufundishia kwa sababu yana protini, yana mafuta, yana sukari yake kidogo, na hayana wanga. Mtoto anajifunza kupata jibu la ndiyo na jibu la hapana kwenye kikombe kimoja. Meza tano zikamaliza upesi na kuanza kuchezea taa. Meza ya Profesa ikawa bado.

"Mwalimu, naomba uje uone."

Nikaenda. Kashika mrija wa kioo, na maziwa ndani ya mrija ni meusi ya bluu.

"Mrija mchafu huo," nikasema. "Umepimia kiazi."

"Nimeuosha, mwalimu. Nimerudia, nikaosha tena."

"Maziwa hayana wanga. Fungua kitabu."

"Kitabu nimekiona. Lakini hapa—"

"Unabishana na kitabu?"

Darasa likacheka. Nikaona limecheka upande wangu, na kusema kweli nilifurahi, kwa kuwa ni mara ya kwanza watoto hawa kucheka nami tangu nije. Nikamwekea alama ya kosa na kumwambia abaki aoshe mirija yote ya darasa, ili ajue mrija safi unavyokuwa. Akaosha. Hakulia wala hakununa. Akaipanga, akaniaga, akaenda.

Kabla hajaanza kuosha nilikuwa nimeiweka kando mirija ya kudondoshea iodini ya zile meza nyingine ili niirudishe iodini iliyobaki. Nilipoitazama baadaye nikakuta yote mitano ni mikavu. Hakuna tone lililoingia humo. Wote waliandika "wanga: hakuna" kwa kunakili kitabuni, kisha wakakaa. Aliyepima ni mmoja tu, na ndiye niliyemwadhibu.

Nikafungua boksi la mirija mipya. Nikaweka maji mrija mmoja, nikaweka maziwa yaliyobaki kwenye jagi mrija mwingine, nikadondoshea yote miwili. Maji yakabaki rangi ya chai. Maziwa yakawa meusi.

Nikakaa kwenye kigoda cha mwanafunzi. Mchezo huu sio mgeni kwangu. Maziwa yanaongezwa maji ili yawe mengi, halafu yanatiwa unga ili maji yasijulikane. Mwaka mmoja nilifundisha somo zima juu yake. Na maziwa yale yalitoka kwenye kopo moja tu.

Jumanne, 9 Aprili

Amekuja na mvua yake. Bibi Harusi amegoma kutoka zizini kwa sababu ya matope, "anajiona huyo, angekuwa mtu angevaa miwani." Nimecheka. Sikuwa nimepanga kucheka. Nikamlipa, akashukuru, akaenda.

Nina kichupa cha iodini nilichotoka nacho maabara. Nimemimina kijiko kimoja cha maziwa kwenye kisosi na kudondosha tone. Meusi.

Nimeyanywa yaliyobaki. Nitamwambia kesho.

Jumatano, 10 Aprili

Meusi. Sikumwambia, kulikuwa na radi.

Alhamisi, 11 Aprili

Meusi. Alikuwa na homa kidogo, mtu hasemwi akiwa na homa.

Jumapili, 14 Aprili

Binti yangu amepiga simu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto na televisheni.

"Mama, umepata watu wa kuongea nao huko?"

"Nimepata."

"Wangapi?"

"Wanatosha."

Akasema vizuri mama, chai inafurika huku, nitakupigia. Sikumlaumu, chai ikifurika inafurika.

Niliandike hapa lilivyo, kwa kuwa hapa hapana wa kunisikia. Nikimwambia Mama Maziwa kwamba nimejua, hatarudi. Asiporudi, kitu cha kwanza kitakachonisemesha kila siku kitakuwa kengele ya shule. Kwa hiyo naibiwa kila asubuhi, nami namshukuru anayeniibia na kumwambia kesho mapema. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi kwamba ikifika alfajiri nachana nywele.

Jumatano, 17 Aprili

Meusi.

Ijumaa, 19 Aprili

Meusi. Bibi Harusi amekula soksi.

Jumanne, 23 Aprili

Nimeanza kumwangalia. Anapofunga kopo, anakwepa macho yangu. Anapokaa kizingitini anakaa pembeni kabisa, nusu nje, mvua inampiga bega. Mwizi hukaa karibu na njia ya kukimbilia. Nimemuuliza, "Watu wengi bado wanakununulia?" Akasema wapo wapo. Nimefikiria hao wapo wapo wenye watoto wachanga, wanaochemsha maji ya unga na kumpa mtoto wakidhani wamempa maziwa. Usingizi haukuja vizuri.

Jumatatu, 29 Aprili

Leo niliwatega. Nilichukua ute wa yai nikaukoroga na unga kijiko kimoja, nikauweka mezani kwao na kibandiko "yai". Nikawaambia wapime wanga, sukari na protini na kuandika walichokiona. Nilitaka kuwakamata wanaonakili.

Nimewakamata wote. Na Profesa yumo.

Chupa ya iodini mezani kwake ilikuwa imejaa mpaka shingoni, mrija wa kudondoshea mkavu. Kwenye daftari lake, kwa mwandiko mzuri: wanga, hakuna.

"Hukupima?"

"Kitabu kinasema yai halina wanga, mwalimu."

Hakusema kwa jeuri. Angekuwa jeuri ningepumua. Alinijibu kama mtoto aliyefundishwa jambo akalishika, na aliyemfundisha ni mimi. Halafu nikakumbuka kwamba kwa wiki tatu hizi hajaniuliza swali hata moja, nami sikuwa nimeliona hilo, kwa kuwa nilikuwa nasikiliza mlango wa nyumbani.

Alhamisi, 2 Mei

Nimemwambia.

Alipomimina tu nikatoa kisosi na kichupa, nikavitua kizingitini mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kuongea taratibu. Nikadondosha tone, likawa jeusi, na taratibu yote ikanitoka.

"Unaona hiki?"

"Naona."

"Hii ni dawa ya kupimia unga. Maziwa hayageuki hivi. Nimepima leo, nimepima jana, nimepima mwezi mzima. Unatutilia maji na unga, Mama Maziwa. Unawaibia watu wenye watoto wachanga, halafu unakaa mlangoni kwangu kunipigia hadithi za ng'ombe."

Akakitazama kisosi. Akainama kabisa, kwa namna ya mtu anayesoma.

"Na hii dawa inasemaje?"

"Inasema unga."

"Haisemi kingine?"

"Haisemi kingine."

"Basi dawa yako inajua kidogo, mwalimu."

Nikangoja aseme zaidi: akane, anitukane, alie. Akafunga kopo lake na kuweka mfuko kichwani. Pesa nilizokuwa nimemshikia hakuzipokea. Alivuka uwanja wa mpira katikati, pale kwenye maji mengi, hakuzunguka.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Hakuna mtu.

Jumamosi, 4 Mei

Hakuna.

Jumatatu, 6 Mei

Nimefundisha mafuta. Karanga kwenye karatasi inaacha doa linalopitisha mwanga. Hayo tu.

Alhamisi, 9 Mei

Nilikuwa na haki. Nimeisema kwa sauti, hapa chumbani, nione ikisikika vipi. Nilikuwa na haki, na nyumba haina wa kuniambia ndiyo.

Jumatatu, 13 Mei

Kabla ya somo nimewasimamisha kidato cha tatu nikawaambia jambo moja lilikuwa limebaki. Siku ile ya maziwa, nikasema, mrija wa Profesa ulikuwa safi. Maziwa yalikuwa na wanga kweli, kwa sababu mtu aliyatia unga. Ninyi wengine hamkupima, na mimi nikamwadhibu aliyepima. Nikachukua daftari lake nikafuta kosa mbele yao, nikaweka alama zote. Profesa alikuwa anaangalia meza, masikio yamemwiva.

Kisha akanyoosha mkono. Sikujua nilivyoukosa mkono ule.

"Mwalimu, hayo maziwa ulinunua wapi?"

Ningeweza kusema sokoni. Nikasema, "Kwa Mama Maziwa."

Wakaangaliana.

"Mama Maziwa hauzi tena, mwalimu," akasema Profesa. "Ng'ombe wake alikufa. Mwezi wa tatu, mvua zilipokolea. Alipita kwetu akamwambia mama atafute kwingine."

"Na kwetu," akasema mvulana wa nyuma. "Sasa tunanunua ya pakiti."

"Alipita kila nyumba," akasema mwingine. "Alikuwa analia."

Nimewaambia wafungue kitabu ukurasa wowote wasome. Nimesimama dirishani mpaka kipindi kikaisha, nikiangalia uwanja.

Mchana nimeenda kumtafuta. Mwezi mzima na zaidi mtu huyu amenijia kila siku, nami sikujua hata anatokea upande gani. Nilimuuliza mwenye duka la kona.

"Yule wa ng'ombe? Shuka mpaka kwenye daraja la mbao, nyumba ya mwisho. Mwambie kopo lake la maziwa ya unga limefika, nimemwekea. Wiki mbili hajalifuata."

"Huwa ananunua?"

"Kila Jumamosi. Nilimwambia, mama, mtu mmoja utamaliza vipi kopo zima. Akasema ana mgeni."

Nimeshuka. Viatu vilijaa matope nikavivua, nikatembea peku katika umri huu. Nyumba ni ndogo, imepakwa chokaa nusu ukuta. Zizi liko pembeni, limefagiliwa safi, halina kitu. Yeye alikuwa nje na jembe, anachimba mfereji maji yasiingie ndani.

"Hodi."

Hakugeuka. "Nani?"

"Mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Wa kisosi."

Akaendelea kuchimba. Nikasema, "Nimeambiwa Bibi Harusi amekufa."

"Umeambiwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, halafu?"

"Halafu ningejua."

Akaliegemeza jembe ukutani na kunitazama kwa mara ya kwanza. "Nilipita nyumba zote kuwaambia. Kila mlango: pole mama, pole sana. Kisha wanafunga. Siwalaumu. Nilikuwa naleta maziwa, na maziwa hayapo tena. Kwako ndiko nilikoishia, na sikutaka kuja mikono mitupu, nikanunua kopo la maziwa ya unga. Nikabisha hodi, ukafungua, ukaniambia ulidhani nimekuhama. Mdomo ukagoma kusema. Kesho yake nikarudi na kopo lile lile. Halitoshi wiki, nikalivuta kwa maji, nikaona jepesi, nikatia unga wa uji. Ndiyo dawa yako ilichokiona."

"Ungekuja tu. Hata bila maziwa."

"Nije nifanye nini mlangoni kwa mwalimu, mikono mitupu? Hukuwahi kuniambia nije. Ulisema niwe nakuletea nusu lita."

Nilitafuta siku moja, katika siku zote zile, niliyomwambia pita ndani. Nina viti viwili. Kimoja nakalia mimi, kingine kinakaliwa na mkoba wangu. Yeye alikaa kizingitini, bega lake likiloa, nami nikaliona bega lile na kudhani ni la mwizi.

"Ulisema nawaibia watoto wachanga," akasema.

"Nilisema."

"Limenikaa hapa." Akajishika chini ya koo.

"Nisamehe, mama."

"Nimesikia."

Hakusema amenisamehe. Tulisimama pale mvua ikitunyeshea wote wawili, na mimi nilikuwa nalia, ila kwenye mvua haijulikani sana. Nikamwambia, "Jumapili njoo kwangu."

"Nije na nini?"

"Na miguu yako."

"Ina matope."

"Njoo nayo hivyo hivyo."

Akachukua jembe. Nikapanda kilima viatu mkononi.

Jumanne, 14 Mei

Nimeutoa mkoba kitini. Nimeutundika msumarini.

Jumatano, 15 Mei

Profesa ameuliza maswali manne. La mwisho sikuwa na jibu lake, nikamwambia sina. Akaonekana kuridhika na hilo kuliko na yale matatu.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua kutwa. Daraja la mbao, wanasema, limefunikwa na maji. Kama hatakuja nitajua ni daraja. Au nitajidanganya kwamba ni daraja.

Jumapili, 19 Mei

Nilipika tangu asubuhi, kisha nikaona nimepika mapema mno, nikaanza kingine. Saa nne hakuna. Saa tano hakuna. Nilikuwa nimeshajiambia daraja, daraja, niliposikia hodi.

Amezunguka kwa barabara kubwa, amelowa mpaka kiunoni. Hakuwa na kopo. Amesimama kizingitini pale pale pake akaanza kujishusha akae.

"Sio hapo," nikasema. "Pita."

Akapita. Akaketi ukingoni mwa kiti, maji yakimchuruzika kwenye sakafu yangu. Akaangalia ukuta, akaangalia kitanda kilichosimama katikati ya chumba, akaniuliza kama ninahama. Nikamwambia ni bati. Akasema ana kipande cha bati kilichobaki zizini. Kisha nikaona mikono yake. Ilikuwa inakaa magotini, inaondoka, inashikana, inaachana. Hakujua aiweke wapi, ilikuwa haijawahi kuingia kwangu mitupu.

Nikampa kisu na kitunguu, nikamwambia amenye.